Nani atakaa jukwaa la nyumbani?

Somo: Waebrania 10:24–25, Luka 2:36–38

 

Siku Simba au Yanga inapokuja Mbeya kucheza Uwanja wa Sokoine, Rungwe huamka mapema. Vijana wa Ikuti hushuka kwa bodaboda hadi Tukuyu, hapo hukodi Coaster au hupanda basi la kawaida, na safari ya kilometa kama 70 huanza: Kiwira, Igawilo, Uyole, mpaka Mbeya mjini. Bendera hupepea madirishani na vuvuzela hulia njia nzima. Asiyeujua mpira wetu angeliona gari hilo akasema, hawa ni wenyeji wanakwenda kuisimamia timu ya kwao. Lakini angalia jezi. Wengi wamevaa kijani na njano, au nyekundu na nyeupe. Zambarau ya Mbeya City utaitafuta kwa macho.

Ndivyo inavyokuwa karibu kila mkoa wa nchi hii. Timu ya nyumbani inaingia katika uwanja wake yenyewe na kukuta sehemu kubwa ya jukwaa ikiimba nyimbo za mgeni. Mgeni akifunga, uwanja unatetemeka. Mwenyeji akifunga, wanasimama watu wa kona moja, na wengine wanawatazama kana kwamba wamevunja adabu.

Sisemi kwamba kuipenda Yanga au Simba ni dhambi. Yanga ina umri wa tangu 1935 na Simba tangu 1936. Babu zetu wengi walizisikia redioni kabla hawajawahi kuiona Dar es Salaam kwa macho, na mapenzi hayo yakarithiwa kama shamba. Hakuna mchungaji wala padri mwenye mamlaka ya kumvua mtu jezi. Swali la tafakari ya leo ni jingine, nalo linakwenda mbali kuliko mpira: timu ya nyumbani ikikosa watu wa nyumbani, nani atakaa nayo?

Watu wa Rungwe tunalijua jibu la swali hili kuliko wengi, kwa sababu tuliwahi kuwa na timu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania. Mji mdogo wa mvua na migomba, usio na bandari wala kiwanda kikubwa cha nguo, uliwaacha nyuma vigogo wa Dar es Salaam. Orodha ya timu zilizowahi kufanya hivyo ni fupi: Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000, Azam mwaka 2014, na nyingine chache. Mzee yeyote wa Tukuyu aliyekuwa kijana wakati ule, mtajie mwaka 1986 uone uso wake unavyobadilika. Lakini timu yenyewe haikudumu kileleni. Leo mtoto wa shule ya msingi Ikuti anawataja wachezaji wa Ulaya kumi na mmoja bila kukosea, ila hajui kwamba wilaya yake iliwahi kutoa bingwa wa nchi.

Baadaye ikaja Mbeya City, iliyoanzishwa mwaka 2011 chini ya halmashauri ya jiji. Katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu, mbele ya Simba. Msimu ule jezi za zambarau zilionekana hadi vijiweni Tukuyu, na kilio cha "Koma kumwanya!" kilisikika mpaka mashambani. Kisha ushindi ukapungua, na watu nao wakapungua. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, na ikarudi Ligi Kuu mwaka 2025. Katika miaka hiyohiyo tuliiona Ihefu ya Mbarali ikihamia Singida na kubadili jina, na KenGold ya Chunya ikipanda Ligi Kuu na kushuka baada ya msimu mmoja. Sababu ni nyingi, na fedha ndiyo ya kwanza. Lakini fedha nayo hufuata watu. Mfadhili huangalia jukwaa kabla hajafungua mkoba.

Hebu tujiulize basi, shabiki anayekwenda uwanjani anaipa timu yake nini ambacho yule aliyebaki kwenye kibanda umiza au kwenye simu hawezi kuipa? Tiketi, ndiyo. Lakini kuna zaidi ya tiketi. Anaipa sauti yake dakika ya 80 timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili na mvua ya Mbeya ikimwagika. Anampa beki kijana aliyekosea ushahidi kwamba kuna mtu aliyemwona akikosea na hajaondoka. Wa kibanda umiza akichoka, anaomba wabadilishe chaneli. Wa uwanjani hana chaneli ya kubadili. Amekwisha kujifunga na kinachotokea mbele yake, kizuri au kibaya, mpaka filimbi ya mwisho.

Kujifunga huko ndiko Biblia inakokuita kukusanyika. Mwandishi wa Waebrania anawasihi Wakristo waangaliane na kutiana moyo katika upendo na matendo mema, wala wasiache kukusanyika pamoja, na papo hapo anakiri kwamba wengine walikwisha kuifanya hiyo kuwa desturi yao. Tusilipite neno hilo haraka. Hawa walikuwa Wakristo wa karne ya kwanza. Hawakuwa na televisheni, wala simu, wala mahubiri ya kurekodiwa. Na bado walikuwapo walioona kwamba wanaweza kuamini wakiwa peke yao nyumbani. Tatizo la jukwaa tupu lina umri mkubwa kuliko intaneti.

Mwangalie pia Ana, binti Fanueli, katika Injili ya Luka. Aliishi na mumewe miaka saba tu, akafiwa, na Luka anataja miaka themanini na minne ya mama huyu mjane asiyebanduka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Miaka yote hiyo hekalu halikuwa mahali pa ushindi. Nchi ilikuwa chini ya Warumi, Herode alikuwa na mkono wake katika mambo ya ibada, na makuhani hawakuwa wote watu safi. Mtu mwenye akili za dunia angemwambia, "Mama, hapa hakuna kitu, nenda kapumzike." Lakini siku Mariamu na Yusufu walipoingia na mtoto, Ana alikuwapo. Luka hasemi kwamba aliitwa. Hakuhitaji kuitwa. Kukaa kwake ndiko kulikomfanya aone.

Huko Marekani kuna mchezo wa besiboli, na katika jiji la Chicago kuna timu iitwayo Cubs. Ilichukua ubingwa mwaka 1908, kisha haikuupata tena mpaka 2016. Ni miaka 108. Watu walizaliwa, wakawa mashabiki, wakazeeka na kuzikwa bila kuiona ikishinda. Lakini uwanja wao wa Wrigley Field, walioanza kuutumia mwaka 1916, haukuachwa ukiwa gofu. Baba aliendelea kumpeleka mtoto, na mtoto akampeleka mjukuu. Ubingwa ulipokuja mwaka 2016, mashabiki walikwenda kwenye kuta za uwanja na chaki mikononi, wakaandika majina ya baba, mama, babu na bibi zao waliokufa wakingoja. Hakuna aliyewaagiza. Walijua kwamba ushindi ule haukuwa wa waliokuwa hai peke yao. Aliyeshangilia timu ya mbali kwa kuwa inashinda hana jina la kuandika ukutani, maana hakungoja na mtu yeyote.

Sasa ndugu zangu, tuuache mpira kidogo, tuje nyumbani.

Wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri walifika nchi hii ya Wanyakyusa mwaka 1891, wakitokea upande wa Ziwa Nyasa. Kutokana na vikundi vidogo vya mwanzo zikatoka shirika, mitaa na vigango vilivyotapakaa kila kilima cha Rungwe, na madhehebu mengine yakaja baadaye yakaongeza. Hakuna kijiji ambacho hukosi kengele ya Jumapili. Lakini ingia ndani ya baadhi ya makanisa hayo leo uhesabu vichwa. Utawakuta kina mama, wazee, watoto, na kwaya iliyobaki na besi mmoja. Vijana wako wapi? Wengine wamehamia mijini, na hilo haliepukiki, maisha ni kutafuta. Wengine wapo hapahapa kijijini, ila wamevaa jezi ya mbali.

Jezi hiyo ni ya mtumishi mkubwa wa mjini anayeonekana kwenye televisheni na kwenye simu. Ana jukwaa la taa, ana kwaya yenye vyombo vya gharama, na kila wiki kuna ushuhuda wa mtu aliyepata gari. Ukimlinganisha na mwinjilisti wa mtaa wa Ikuti anayetembea kwa miguu kutoka kilima kimoja hadi kingine akiwa na kitabu cha nyimbo kilichochakaa, ni Yanga dhidi ya timu ya kata. Basi sadaka inatumwa kwa simu kwenda kwa mkubwa, fungu la kumi linakwenda kwa mkubwa, hata maombi ya mgonjwa yanapigiwa simu kwa mkubwa. Na paa la kanisa la nyumbani linavuja juu ya meza ya Bwana.

Simhukumu mtumishi yeyote wa mbali. Neno la Mungu likihubiriwa kweli, lihubiriwe kokote. Lakini ipo siku moja inayoweka mambo wazi, nayo ni siku ya msiba. Siku hiyo mtumishi wa televisheni hajui kwamba umefiwa. Wanaokuja na majembe kuchimba kaburi katika mvua ni watu wa mtaa. Wanaoleta ndizi, kuni na maji ni kina mama wa mtaa. Anayesimama kwenye tope na kusoma Neno ni yule mwinjilisti wa kitabu kilichochakaa. Wewe hukukaa jukwaani kwao mwaka mzima, lakini wao wamekuja kukaa kwako. Hiyo ni neema, na neema isitufanye tuwazoee watu.

Najua yapo majibu. Wapo wanaosema, "Timu ya nyumbani inaongozwa vibaya. Viongozi wanakula mapato ya mlangoni. Nitaishangiliaje?" Na wapo wanaosema hivyohivyo juu ya kanisa: mhubiri hajiandai, wazee wa kanisa wanagombana, hesabu za jengo hazieleweki. Malalamiko haya mara nyingi ni ya kweli, wala Ukristo haututaki tufumbe macho. Lakini mwenye haki ya kuuliza mapato ya mlangoni ni nani? Ni yule aliyelipa mlangoni. Anayemzomea kocha kutoka jukwaa la nyumbani amemjua kocha, amekuja wiki iliyopita na atakuja wiki ijayo, na kocha anajua hivyo. Aliyehama na kupiga kelele kutoka mbali, kelele zake ni za mpita njia. Vivyo hivyo kanisani. Hudhuria mkutano wa usharika, omba taarifa ya fedha isomwe, uliza swali lako kwa heshima, kisha kaa usikie jibu. Uaminifu haumaanishi kunyamaza. Maana yake ni kwamba unapouliza, umekaa ndani.

Bwana wetu mwenyewe alikuwa na timu ya nyumbani, na haikumtendea vema. Luka sura ya nne inasema alikwenda Nazareti alikolelewa, akaingia sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Angalia neno hilo, desturi. Sinagogi la Nazareti halikuwa kubwa wala maarufu. Nathanaeli mwenyewe alishangaa kusikia kwamba kitu chema kinaweza kutoka mji ule. Lakini huko ndiko Yesu alikokuwa akikaa sabato kwa sabato, miaka mingi kabla ya muujiza wa kwanza. Na alipowaambia kweli, walimtoa nje ya mji wakataka kumtupa chini kwenye kilima. Baadaye, Mathayo anaeleza, alisema kwamba nabii hukosa heshima kwao. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kukaa na nyumbani ni jambo la raha. Nyumbani hukudharau kwa sababu nyumbani hukumbuka ulikuwa nani. Hata hivyo Yesu hakuwahi kuona haya kuitwa Mnazareti. Jina la timu ile ndogo liliandikwa juu ya msalaba wake.

Hapa panatupasa tujitazame kwa upande wa pili pia. Kuipenda nyumbani si kumchukia mgeni. Viwanja vyetu vimewahi kuona mabasi ya wageni yakirushiwa mawe, na mashabiki waliosafiri usiku kucha wakipigwa kwa sababu ya rangi ya shati. Huo si uzalendo. Ni woga uliovaa jezi. Katika mashindano ya Kombe la Dunia huko Qatar mwaka 2022, Wajapani waliokuwa jukwaani walibaki baada ya filimbi, wakiwa na mifuko mikononi, wakiokota taka zao na za wengine. Hawakuipenda Japani kidogo kwa sababu ya kuokota taka. Waliipenda kwa namna ambayo mgeni naye angeweza kukaa karibu nao. Kanisa linalojenga upendo wa ndani kwa kuwasema wa dhehebu la jirani limekosea njia ileile.

Na kuna ugonjwa mwingine unaoingia kimyakimya, nao ni mkeka. Kijana anakaa mbele ya mpira, lakini hatazami timu. Anatazama pesa yake. Ameweka mechi sita, na timu ya nyumbani ameiandikia kushindwa, kwa hiyo ikifunga bao yeye anasonya. Fikiri kwa makini maana ya jambo hilo: mtoto wa nyumbani amefunga, na mtoto wa nyumbani amesikitika. Kamari imeuchukua moyo wake na kuuweka upande wa yeyote atakayelipa. Ndiyo maana Bwana alisema kwamba hazina ya mtu ilipo, moyo wake utakuwapo pia. Wazazi, waulizeni vijana wenu taratibu, bila makofi, wameweka wapi hazina yao. Msiwaulize kwa hasira, maana aliyepoteza nauli na ada kwenye mkeka amekwisha kujiadhibu vya kutosha. Anahitaji mtu wa kukaa naye.

Sitaki mtu aondoke na mzigo usio wake. Bibi wa Ikuti ambaye miguu yake haiwezi tena kupanda kilima hadi kanisani, na anasikiliza ibada redioni kando ya moto, huyo hajaacha kukusanyika. Sisi ndio tulioacha kwenda kukusanyika kwake. Mgonjwa, mlinzi wa zamu, muuguzi, dereva wa lori aliye njiani kuelekea mpaka wa Kasumulu, hao Mungu anajua walipo. Tafakari hii inatuhusu sisi wenye miguu, wenye nauli, wenye Jumapili iliyo wazi, tunaochagua ya mbali kwa sababu ya mbali haituombi kitu ila makofi.

Kwa hiyo wiki hii tufanye jambo dogo. Kama unaupenda mpira, nenda ukaitazame timu ya kata yako ikicheza kwenye uwanja ule wenye ng'ombe pembeni, ulipe kiingilio kama kipo, na ukae mpaka mwisho hata ikifungwa. Mbeya City ikicheza nyumbani na timu isiyo na jina kubwa, siku ambayo hakuna magari ya kukodi, hiyo ndiyo siku ya kwenda. Msimulie mtoto wako habari za Banyambala wa mwaka 1986. Na kama wewe ni mtu wa Ikuti uliyeko Dar es Salaam, Mbeya au Tunduma, mpigie simu mzee wa kanisa la nyumbani umuulize paa limefikia wapi. Ukirudi likizo, usiishie kwenye kona ya wageni wa mjini. Ingia kwenye kwaya, hata kwa Jumapili moja. Yule besi amechoka kuimba peke yake.

Bwana ameahidi kuwapo walipo wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake. Hakusema elfu sitini. Idadi ile ndogo aliitaja kwa kusudi, akijua kwamba Jumapili nyingi ndiyo itakayokuwa idadi ya jukwaa la nyumbani. Tunaloulizwa ni kama sisi tutakuwa mmoja wa hao.